Shemeji Aliitika Jina Langu Siku ya Posho

"Ruwa Mwarandu!" karani akaita.

"Naam!"

Jamani... aliyeitika si mimi! Ruwa Mwarandu ni mimi, nimesimama mwisho wa foleni, homa haijanitoka!

Aliyeitika ni Kahindi, kaka wa mke wangu Sidi. Na kadi yangu ya kazi iko mkononi mwake!

Sikilizeni. Sisi ni vibarua wa godauni moja hapa Changamwe, mwaka huu wa 1948. Kila asubuhi twaitwa majina langoni. Kuna siku unapata kazi, kuna siku unarudi mikono mitupu. Mwezi uliopita kampuni ikatangaza posho ya siku za kukosa kazi. Lakini si ya kila mtu! Uwe na kadi. Usiwe umekataa kazi. Na uwe umeitika langoni siku ishirini kwa mwezi.

Kahindi hana kadi. Alikuja kutoka Kaloleni orodha ya kadi imeshafungwa.

Mimi posho hiyo niliisubiri kwa hamu. Bila hiyo chumba kinatushinda, na Sidi na mtoto wetu wanarudi kwao.

Sasa leo, siku ya kulipwa posho, naamka, kadi haipo chini ya godoro! Namuuliza Sidi, anainamia jiko tu. Nikatoka mbio hivyo hivyo na shuka begani.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Bwana karani, huyo si Ruwa! Ruwa ni mimi!"

Foleni nzima ikageuka. Kahindi akanijia haraka haraka.

"Mlamu, shemeji yangu, nyamaza... nakuomba."

"Ninyamaze, nawe unakula jasho langu?"

Karani, Bwana Boga, akafungua daftari.

"Ruwa hajakosa hata siku moja kati ya ishirini na nne. Wewe mara ya mwisho ulikuja lini?"

"Siku tisa niko kitandani, bwana! Homa!"

Kahindi akafumba macho.

"Basi siku zako ni kumi na tano," Boga akasema. "Posho huna. Na kadi ikitumiwa na mtu mwingine, inafutwa."

Akaichana mbele yangu!

Njiani nilikuwa bado namfokea Kahindi.

"Kwa nini uliniibia?"

"Sidi ndiye aliyenipa, siku zako zisikatike. Alijua ungekataa, kwa kiburi chako. Leo nilikuwa nakuletea posho nyumbani."

"Na siku ulizopata kazi?"

"Ujira wote nilimpa yeye. Ule uji uliokuwa ukinywa, mlamu, ulidhani unatoka wapi?"

Nililia barabarani, mtu mzima mimi, watu wananitazama. Nikamshika mkono Kahindi.

Sasa hivi Sidi anafunga mizigo. Hajanilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaniua.

Wenzangu, ukimshuku mtu wako, mvute pembeni umuulize kwanza. Mimi nilianza na kelele, tena mbele ya mwenye daftari.