Mstari Nilioufuta Ukurasa wa Kumi na Nne

Kila ninapoisimulia habari hii husema ilimpata binamu yangu. Uongo mtupu. Ilinipata mimi, Agripina, na leo nisikilizeni bila kunionea huruma, maana sistahili.

Kazi yangu ni kuandika miongozo. Siku hiyo, Jumanne ya mwezi wa pili, nilikuwa ofisini Singida mjini, nakula mihogo na chai, sina hili wala lile. Mradi wetu wa afya ulikuwa na msaidizi wa akili mnemba. Wahudumu wa vijijini wanamtumia taarifa kwa simu, naye anazikumbuka. Kumbukumbu zake zimekaa kama nukta na nyuzi: kila mtu ni nukta, na kila jambo lililotokea kati ya watu wawili ni uzi. Ukimuuliza swali, anafuata nyuzi mpaka apate jibu. Mimi nilitakiwa nieleze kwa Kiswahili chepesi jinsi ya kutafuta humo.

"Mifano iwe ya kubuni," Calist, mkuu wetu, alinikumbusha. "Usiweke jina la mtu wa kweli."

"Sawa, kaka," nikamjibu, mdomo umejaa mhogo.

Kubuni kunachosha, jamani. Nikachukua taarifa za kweli za kijijini kwetu Mgori, nikaandika swali: Nani ameunganika na watoto wote watatu waliofariki msimu huu? Jibu likatoka papo hapo. Raheli. Nyuzi tatu, kila mmoja umeandikwa "alimtembelea". Mfano safi kabisa! Ila chini ya kila uzi palikuwa na kistari kidogo cha maneno: Sababu: aliitwa. Kile kistari kilikuwa kinasukuma picha ya jibu iende ukurasa unaofuata. Nikavifuta vyote vitatu. Jina nikasema nitalibadilisha baadaye, kisha nikasahau.

Bibi Raheli alikuwa jirani yetu, ndiye mhudumu wa afya wa kitongoji. Mtoto akichemka homa, yeye ndiye anaitwa kwanza, anakuja na begi lake la bluu. Kwenye pakiti za dawa alichora jua kwa dawa ya asubuhi na mwezi kwa dawa ya jioni, ili hata asiyejua kusoma asikosee. Mwanangu Noel, anayeishi na mama yangu kule kule, bibi huyo alishamtibu mara mbili. Haya yote niliyajua.

Mwongozo ukatumwa kwenye kundi la simu la wahudumu. Mtu akapiga picha ukurasa wa kumi na nne, wenye mfano wangu. Kufika Jumapili picha ilishazunguka Mgori nzima: kompyuta imemtaja mchawi. Mganga mnaweza kumbishia, lakini kompyuta? Lisemwalo lipo, watu wakasema. Mama akanipigia, ananong'ona.

"Agripina, wamemzingira bibi wa watu. Anasema neno moja tu: niliitwa, niliitwa. Hiyo mashine si ya ofisini kwenu? Sema neno, mwanangu."

Namba ya mwenyekiti wa kitongoji ninayo mpaka leo. Ningepiga. Lakini niliwaza kazi yangu, nikawaza Calist atasema nini.

"Ngoja kesho, mama," nikasema.

Kesho yake nyumba ya Bibi Raheli ilishachomwa na kila kilichokuwamo, simu yake ikiwemo. Walimwona anaingia msituni na lile begi, mvua inamnyeshea. Siku ya tano warina asali wakamkuta amekufa. Walimzika huko huko na begi lake, maana hakuna aliyethubutu kuligusa.

Mimi nikabadilisha ukurasa ule kimya kimya. Hakuna aliyeniuliza. Nikala, nikalala. Mungu anisamehe.

Wiki tatu baadaye, saa nane mchana, nilikuwa naujaribu mwongozo mpya. Nikaandika jina la Raheli, nione kama nukta yake imeondolewa. Haikuwa imeondolewa. Nyuzi zilikuwa nne.

Wa nne ulikuwa wa siku ile ile, saa saba na nusu. Raheli. Alimtembelea. Noel.

Nikampigia mama. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani.

"Calist," nikanong'ona, "nani ameingiza hii?"

Akainama, akaubofya ule uzi. "Imetoka kwenye simu ya Raheli mwenyewe."

Nani aliyewafundisha watu kwamba uzi ule ni kifo? Mimi. Na sasa nikauamini kuliko wao wote.

Nikakodi bodaboda. Alizeti njia nzima zilikuwa zimenipa kisogo. Nililia, nikasali, nikamwita yule bibi kwa jina lake, nikamwomba asimguse mwanangu.

Mlango ulikuwa wazi. Mama hayupo. Noel amelala mkekani, kimya. Nikajitupa kwenye kigoda kilichokuwa kando yake, nikamshika paji la uso.

Lilikuwa la baridi.

Akafungua macho. "Shikamoo, mama."

Nilimkumbatia tu. Ilikuwa baridi ya jasho, ya homa iliyoshuka.

"Bibi Raheli kanipa dawa," akasema. "Chungu! Kasema unamwita sana."

"Yuko wapi?"

"Alikaa hapo ulipokaa."

Nikasimama. Sketi yangu ilikuwa imelowa nyuma. Kigoda kilikuwa kinachuruzika maji, na Mgori mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Mama akaingia anahema. "Mtoto anaweweseka tangu asubuhi! Nimezunguka kitongoji kizima sijapata hata kidonge kimoja. Tangu bibi aondoke, nani ana dawa huku?" Kisha akamwona Noel amekaa, anaomba uji. Akaniangalia mimi.

Noel alipona. Niliapa nitasimama kwenye mkutano wa kijiji, niseme kompyuta haikumtaja mtu, nilimtaja mimi. Mikutano miwili imepita. Mgori bado wanamwita mchawi, wajukuu wake hawasalimiwi njiani, nami nasimulia habari ya binamu yangu.

Pakiti ya dawa ile tuliikuta chini ya mkeka. Ninayo hapa kwenye pochi. Imechorwa majua matatu na miezi mitatu, kwa kalamu ya bluu, kama alivyochora siku zote. Kwa chini ameandika kile kistari nilichokifuta, Sababu: aliitwa, kisha ameongeza: na Agripina.