Homa Iliyoandikwa Wazimu

Heche hakujua kuchunga ng'ombe kimya kimya. Kila asubuhi, akifungua zizi, alipiga mluzi. Kisha alimwita kila ng'ombe kwa jina, akamsemesha kwa Kikurya.

"Wewe, acha kumsukuma mwenzako! Kwani majani yanakwisha leo?"

Mkewe Robi alimsikia akiwa jikoni, anakoroga uji wa mtoto wao Neema. Alicheka peke yake. Katika kata yao ya Mbalibali hakuna aliyeshangaa. Mfugaji asiyesema na ng'ombe wake, atasema na nani?

Mwaka huo tembo walizidi kutoka hifadhini na kula mahindi. Kata ikatafuta vijana wa kulinda mashamba. Waliopitia jeshi walitangulizwa. Heche alikuwa amepita jeshini, ila aliugua kambini, akarudishwa nyumbani. Siku ya usaili Robi alikwenda naye, mtoto mgongoni. Watu walijaa barazani.

Ofisa aliyesimamia usaili akachukua cheti cha Heche cha kuachishwa jeshi. Akakisoma. Akainua macho.

"Heche, hapa pameandikwa uliachishwa kwa ugonjwa wa akili."

Hakunong'ona, jamani. Alisema kwa sauti ile ile ya kuitia majina.

"Hapana, afande," Heche alijibu. "Mimi niliugua malaria."

"Imeandikwa hapa, kwa Kiingereza. Siwezi kukupa kazi ya kushika silaha. Mwingine!"

Heche alibaki amesimama, hajui aende wapi. Kiingereza cha madaktari hakukijua. Siku anapewa cheti alikuwa bado dhaifu. Aliona neno refu, akadhani ndilo jina la malaria yake, akasaini. Wangapi kati yetu tumesaini hivyo hivyo? Tunatafuta jina letu, tukiliona limeandikwa sawa, tunakunja karatasi na kushukuru.

Habari mbaya haikosi bodaboda. Kabla ya jioni, hata wasiomjua Heche walizijua akili za Heche.

Lakini ubaya wenyewe ulikuwa nyumbani, maana Robi naye alianza kuogopa. Heche akipiga mluzi, Robi alishtuka. Heche akicheka na mtoto, Robi alijiuliza, "Anacheka nini?" Mambo yale yale aliyoyazoea, sasa yalimtisha. Siku moja akachukua panga, akalizamisha ndani ya gunia la unga.

Heche alilitafuta.

"Mama Neema, panga liko wapi?"

"Sijui. Labda jirani ameazima."

Heche alimtazama. Kisha akaitazama mikono ya Robi. Ilikuwa myeupe kwa unga mpaka kwenye viwiko, na siku hiyo hapakuwa na ugali jikoni. Akatoka.

Kesho yake akaja Machage, kaka mkubwa wa Robi. Machage alichimba dhahabu Matongo. Tangu baba yao afariki, yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba yao.

"Shikamoo, kaka. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai. Habari imenifikia mpaka machimboni. Kumbe tulikuozesha kwa mwendawazimu?"

"Kaka, yeye anasema ilikuwa malaria."

"Yeye anasema! Na cheti kinasema nini? Mwisho wa mwezi nakuja na wazee. Utarudi nyumbani."

"Na Neema?"

Machage aliangalia pembeni. "Unajua mila, Robi. Ng'ombe walitoa wao. Mtoto atabaki kwao."

Robi alimbeba Neema, akamkumbatia mpaka mtoto akalia.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki. Heche aliondoka mapema, amevaa shati lake zuri. Robi akampeleka mtoto zahanati kupimwa uzito. Pale palikuwa na nesi aliyeitwa Juliana, mtu wa Bukoba, aliyekuwa amesomea pia afya ya akili. Juliana alimpima mtoto, kisha akamtazama mama.

"Mtoto hajambo. Wewe je? Mbona unatetemeka?"

Hapo Robi akalia. Juliana akafunga mlango, na Robi akamweleza yote, mpaka habari ya panga.

"Umelificha ndani ya unga?" Juliana aliuliza. "Mtakula vyuma, dada yangu. Haya, niambie. Kule kambini alifanya nini?"

"Askari mwenzake alinisimulia. Homa ilimchoma kama moto. Akapanda juu ya kitanda, akaanza kupiga mluzi na kuita ng'ombe. Akamshika askari mkono, akamvuta kama anavuta ndama. Wale hawakujua Kikurya. Waliona mtu anapayuka tu."

"Alipimwa damu?"

"Ndiyo. Alilazwa, akachomwa sindano za malaria. Kadi ya hospitali anayo."

"Homa iliposhuka, aliwahi tena kuona ng'ombe wasiokuwepo?"

"Hapana. Anasema na waliopo tu."

"Hao hata mimi nikiwa nao nitasema nao," alisema Juliana. "Sasa sikiliza, Robi. Malaria kali hufika kwenye ubongo. Mgonjwa hupotewa, hupayuka, huona vitu ambavyo havipo. Wengi wakitibiwa mapema hurudi sawa. Nadhani aliyeandika cheti aliangalia vituko, hakuangalia majibu ya damu. Lakini mimi siwezi kukuapia. Daktari amwone kwanza."

Robi alipangusa macho. "Na kama ni kweli ana ugonjwa wa akili?"

"Atatibiwa. Ni ugonjwa kama presha na kisukari. Si laana. Wako watu wanatumia dawa, wanalima, wanalea watoto wao. Cheti hicho, daktari akiona si kweli, tutaomba kisahihishwe kwa sababu hiyo. Hatukisahihishi kwa sababu ugonjwa huo ni aibu. Aibu ni ya yule aliyemsomea mwenzake ugonjwa mbele ya umati. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa."

"Tufanye nini?"

"Kwanza, cheti kisichanwe wala kisifutwe hata herufi moja. Aliyeandika ndiye anayesahihisha."

Robi aliruka kutoka kwenye benchi. "Mungu wangu! Nesi, Heche amekwenda mjini Mugumu. Jana alisema kuna kijana wa steshenari anajua kubadilisha maneno kwa kompyuta."

"Mpigie!"

"Amezima simu tangu siku ile. Watu walimpigia kumcheka."

"Basi kimbia. Kughushi cheti ni jinai. Akikamatwa, hata kadi yake ya malaria haitamwokoa. Mtoto niachie hapa."

Robi alipanda bodaboda. Njia nzima aliomba. Vumbi lilimjaa kinywani na hakulitema. Alifika Mugumu, akapita duka hadi duka karibu na soko, akichungulia kila penye kompyuta. "Nimechelewa," aliwaza. "Nimechelewa, atafungwa." Katika duka la mwisho aliliona shati la Heche. Cheti kilikuwa tayari kimelala juu ya mashine ya kunakili.

Robi hakupiga hodi. Alikinyakua.

"Vipi tena, mama?" kijana wa duka aliuliza.

Heche aligeuka. "Umenifuata? Umekuja kuona kama nimevua nguo barabarani?"

"Baba Neema, ukikibadilisha hiki, mwongo utakuwa wewe. Sasa hivi mwongo ni cheti."

"Kila mtu ananiogopa! Hata wewe. Niliiona mikono yako."

Kijana alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

"Ni kweli," Robi alisema. "Panga nililificha mimi. Nilikuogopa. Niliamini neno ambalo hata kulisoma siwezi, nikaacha kukuamini wewe. Nisamehe, baba Neema."

Heche alikaa kwenye kiti cha wateja, akafunika uso kwa mikono yake. Alilia. Robi akasimama karibu naye, cheti mkononi, mpaka alipotulia.

Kisha Robi akamweleza maneno ya nesi. Hawakurudi nyumbani. Walimpigia Juliana aendelee kukaa na Neema, wakaenda hospitali ya pale mjini moja kwa moja.

Daktari wa afya ya akili alizungumza na Heche peke yake kwa muda mrefu. Akazungumza na Robi pia. Hakuandika ripoti siku hiyo. Alimtaka Heche arudi tena, na aliporudi, akamwona tena. Ndipo akaandika kwamba hakuona dalili za ugonjwa wa akili, na kwamba aliyoyafanya kambini yanalingana na malaria kali. Wakati huo huo Heche aliiandikia hospitali iliyomtibu, akaomba muhtasari wa matibabu yake. Kuomba habari za matibabu yako ni haki yako. Hakuna haja ya kujikunyata.

Barua ya kuomba marekebisho waliitunga pamoja na Juliana. Heche alitaka kuandika kwamba wamemharibia maisha.

"Hilo tuambie sisi," alisema Juliana. "Wao waambie wewe ni nani, kimeandikwa nini, ukweli ni upi, ushahidi ni huu, na unaomba nini. Basi."

Kijana yule yule wa steshenari ndiye aliyeichapa, safari hii kwa kazi halali. Wakaambatisha nakala ya cheti, kadi ya hospitali, muhtasari wa matibabu, ripoti ya daktari na kitambulisho. Vyeti halisi wakabaki navyo. Wakaenda ofisi ya mkuu wa wilaya kumwona mshauri wa mgambo. Huyu ni mwanajeshi anayekaa wilayani, na anajua barua ya namna hiyo ipelekwe wapi. Aliipokea, akaigonga muhuri nakala yao ili wawe na uthibitisho.

Mwisho wa mwezi ukafika kabla ya jibu. Machage naye akafika, na wazee; wazee wa upande wa Heche nao wakaja kuwapokea.

"Nasikia mmeandika barua. Jibu limekuja?" aliuliza.

"Bado, kaka."

"Basi fungasha."

Neema alikuwa amemshika Robi kanga.

"Siendi," Robi alisema. "Mimi nimekaa na mtu huyu, kaka. Aliyeandika cheti hajakaa naye. Jibu likija baya, tutakwenda tena kwa daktari. Lakini siendi."

Wazee walitazamana. Mzee mmoja wa upande wa Heche akasema si vizuri kuvunja nyumba wakati barua iko njiani. Machage alikubali, lakini kwa shingo upande. Aliondoka bila kuaga vizuri.

Kusubiri ni kazi, asikwambie mtu. Simu ikilia, Robi aliacha chungu kikaungua. Mara moja waliambiwa muhtasari wa hospitali hauna muhuri. Heche alikata tamaa kabisa. Robi alimsukuma waanze tena, wakaupata wenye muhuri, wakaupeleka.

Mahindi yalipoanza kubeba, Heche aliitwa wilayani. Kulikuwa na cheti kipya. Safari hii hakuona haya kuuliza. "Afande, nisomee kila neno kwa Kiswahili kabla sijasaini." Akasomewa. Sababu ya kuachishwa ilikuwa malaria kali, na maelezo yalisema cheti cha zamani kimefutwa. Robi alipiga vigelegele pale pale ofisini, mpaka karani akatoka kutazama kuna harusi gani.

Kata ilipochukua tena walinzi wa mashamba, Heche alipata kazi. Ofisa alimwita ndani kwanza, akafunga mlango, akamwomba radhi. Walioitwa baada yake nao waliitwa mmoja mmoja, ndani.

Siku chache baadaye Machage alikuja peke yake. Robi alipomwona, alimvuta Neema karibu. Lakini safari hii Machage alikaa. Alikunywa uji wote, akaendelea kuzungusha kikombe kitupu.

"Nimesikia cheti kimerudi vizuri," alisema.

"Kimerudi, kaka."

"Ni vizuri." Akakiweka kikombe chini. "Yule nesi wenu. Anatibu na mtu asiyelala?"

Robi aliacha kupepeta mchele. "Nani halali?"

"Shimo letu liliporomoka mwaka jana. Tuliwatoa wenzetu wawili, wamekufa. Tangu siku hiyo, nikifumba macho, nawasikia wananiita. Nikishuka shimoni mikono inatetemeka. Sijamwambia mtu. Ndiyo maana nilikuwa mkali kwako, Robi. Niliogopa ugonjwa huo kwa sababu naujua. Nikienda kwa nesi, wataniandika mimi kichaa?"

Robi alimtazama kaka yake mkubwa, mtu aliyetaka kumtenga na mwanawe. Hasira aliyokuwa ameitunza miezi yote ile aliitafuta, hakuiona.

"Wataandika unachoumwa, kaka, na watakutibu," alisema. "Na mimi nitakaa mlangoni."

Akamwita Heche abaki na mtoto. Akafunga kanga yake vizuri, akamshika Machage mkono, wakashika njia ya zahanati.