Mama Fagio na Wadudu wa Pangoni

Majirani walimwita Mama Fagio, na hawakumsingizia. Kila asubuhi alifagia chumba, akafagia uwanja, kisha akafagia na kile kipande cha barabara kilichopita mbele ya nyumba yake. Ukisimama hapo kupiga soga, usogeze miguu mapema.

Kazi yake ilikuwa kuotesha miche ya nyanya na kabichi. Kitalu chake kilikuwa nyuma ya nyumba. Wakulima walitoka mbali kuifuata miche yake, maana ilikuwa na shina nene na majani yaliyonawiri. Nguvu yote ilitoka kwenye mbolea. Kilimani palikuwa na pango lenye popo wengi. Kinyesi chao kilianguka chini, kikakaa, kikageuka mbolea laini kama majani ya chai. Mumewe, fundi baiskeli, ndiye aliyekwenda kuileta kwa magunia.

Msimu mmoja mume akaumwa mgongo. Mama Fagio akaenda mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Alirudi na gunia tupu na uso umekunjamana.

"Mbolea iko wapi?" mume akauliza.

"Mbolea? Mle ndani mna mende. Mna mbawakawa. Mna nyenje wana masharubu kumshinda baba yako. Sakafu nzima inatembea! Na wewe miaka yote umenyamaza."

"Ningesema, ungenikataza kuingia ndani."

"Ndani ungeingia. Kitandani ndiyo usingefika."

Kesho yake alibeba fagio, koleo na bomba la dawa ya wadudu.

"Mke wangu, lile ni pango," mume akasema.

"Hata pango lina sakafu."

Alipuliza dawa. Akaona mbolea ya zamani imejaa mabuu, akaitupa yote bondeni. Akafagia mpaka jiwe likaonekana. Akarudi nyumbani anaimba. Sasa, alijiambia, kitaanguka kinyesi kipya, kisafi, kisicho na mdudu hata mmoja.

Kinyesi kipya kilianguka kweli. Lakini wiki zikapita na hakikugeuka kitu. Kilikaa mabonge yenye unyevu, yameota ukungu, na harufu yake ilichoma macho. Mama Fagio akafunga pua, akajaza gunia, akamwaga kwenye kitalu.

Miche ikaungua. Majani yalikauka pembeni, halafu yakalala chini. Na mvua ilikuwa inakaribia. Wakulima wangekuja kuchukua miche, wakute udongo mtupu, waende kwa mwingine. Nao mkulima akishazoea kwingine, hata umfagilie njia harudi.

Bahati nzuri Bibi Shamba, mtaalamu wa kilimo, alileta baiskeli yake kuzibwa pancha. Fundi akamwambia, "Wakati unasubiri, kamwone mke wangu. Leo hajafagia."

"Hajafagia? Basi ni mgonjwa," Bibi Shamba akasema, akakimbilia nyuma ya nyumba.

Alitazama miche. Akachukua bonge moja kwa kijiti, akalinusa kwa mbali.

"Dada, hiki ni kinyesi kibichi. Kina ukali, ndiyo maana kimeunguza mizizi. Wadudu wa pangoni wako wapi?"

"Nimewaua," Mama Fagio akajibu kwa fahari kidogo. "Wote."

Bibi Shamba akakaa juu ya ndoo. "Twende pangoni," akasema.

Walivaa barakoa na glavu, kwa kuwa vumbi la kinyesi cha popo linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu. Ndani walitembea polepole, tochi ikimulika chini, wasiwasumbue popo.

"Mle ndani hakuna jua," Bibi Shamba alieleza walipotoka kupumua mlangoni. "Bila jua hapaoti jani. Sasa wanaoishi humo watakula nini? Popo wanakula nje usiku, wanakuja kunya ndani. Hicho ndicho chakula kinachoingia. Mende, mbawakawa na mabuu wanakila, wanakisaga. Ukungu na vijidudu visivyoonekana vinamalizia. Kikipita kwao wote, ndipo kinakuwa mbolea."

"Na wale wenye masharubu?"

"Nyenje? Wale nao wanatoka usiku, wanakula nje, wanarudi na shibe yao. Wanachokiacha ndani kinalisha wengine. Buibui naye anawala wao. Kila mmoja anamtegemea mwenzake. Wewe umeua waliokuwa wanasafisha, uchafu ukabaki umelala."

Mama Fagio akauliza taratibu, "Kumbe walikuwa wanafagia?"

"Usiku na mchana. Tena hawadai chai."

Hilo lilimwingia kuliko mengine yote. Angeweza kumdhulumu mtu yeyote, lakini si mfagiaji mwenzake.

"Nimewamaliza," akasema.

Wakarudi ndani. Bibi Shamba akamulika ufa wa chini, nyuma kabisa, penye mwamba uliobonyea. Palikuwa na mbolea ya zamani, na juu yake mende wawili watatu na mabuu yanajinyonganyonga.

"Hapa fagio halikufika."

"Mgongo ulichoka."

"Basi uvivu wako umetuokoa."

Hakuna aliyewahi kumwita Mama Fagio mvivu. Siku hiyo alipokea jina hilo akashukuru.

Bibi Shamba akamwelekeza. Aondoe udongo ulioungua, apande mbegu upya kwa samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Kinyesi chenye dawa asikitie kwenye mboga. Pangoni asipulize dawa tena, maana inaua hata popo, nao popo ndio wanaokula wadudu waharibifu wa mashamba. Aliache pango lipumzike msimu mzima. Baadaye achukue mbolea ya zamani tu, upande mmoja, na upande wa pili awaachie wenyewe. Popo wakiwa na watoto asikanyage kabisa. Na akitoka anawe kwa sabuni.

Msimu ule miche ilichelewa. Wakulima walinung'unika, lakini wakaipata. Wadudu nao walisambaa kutoka kwenye ufa ule, kidogo kidogo, bila haraka ya kumfurahisha mtu.

Msimu uliofuata mume na mke waliingia pangoni pamoja. Mbolea ilikuwa laini tena, haina harufu ya kuchoma. Fundi akaanza kujaza gunia. Akageuka, akamwona mkewe amesimama kama nguzo.

"Unafanya nini?"

"Kuna mbawakawa anapita juu ya kiatu changu."

"Si umkung'ute?"

"Ana kazi zake, namsubiri apite," Mama Fagio akasema. "Wewe chota upande wako."

Mbawakawa akashuka, akaingia kwenye mbolea. Mwezi mmoja baadaye kitalu kilikuwa kijani mwanzo hadi mwisho, na wakulima walipanga foleni mpaka barabarani, wakisogeza miguu walipoambiwa.