Mlango Mtupu

Uliyasikia mateke. Matatu, mchana kweupe. Ukasogeza pazia, ukachungulia kwa jicho moja, ukalirudisha. Sasa usiniangalie kama mgeni. Siku ile uligeuza uso vya kutosha. Leo utakaa, utasikiliza yaliyokuwa upande wa pili wa pazia lako.

Jumanne, saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma ya karakana ya useremala. Wanaume watatu, vumbi la mbao, milango ya sampuli imeegeshwa ukutani. Bawaba, mkubwa wao, aliigonga mmoja mmoja kwa ufunguo wa gari, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Wa chuma unataka gesi ya kukatia. Wa kioo una mdomo, utaita mtaa mzima. Huu..." Aligonga wa plaiwudi. Ukalia kama debe. "Huu teke moja. Wa bibi umeshamfungia?"

"Ndio," alisema Patasi.

"Mtupu?"

"Mtupu."

Bubu, dereva, alicheka. Ndicho alichojua, kucheka na kuendesha.

Patasi ndiye aliyekuwa fundi. Ukienda kumuuliza uweke mlango gani mbele ya nyumba yako, alikushauri kwa upole hadi ukaona haya kupunguza bei. Kisha alikufungia ganda la mninga juu, maboksi ndani. Miezi miwili baadaye Bawaba alipita. Miaka sita mmeibiwa hivyo, na mlipoibiwa mlirudi kwa Patasi kuagiza mlango mwingine.

Ila bibi wa safari hii alikuwa shangazi yake. Mjane wa sonara. Alimlea Patasi tangu anatambaa. Dhahabu za marehemu alizihifadhi kwenye kisanduku chini ya kitanda, na Bawaba alijua kwa sababu ulimi wa Patasi, siku moja ya chupa nyingi, haukuwa na mfupa.

Miezi miwili nyuma, shangazi alikuwa amekuja karakana mwenyewe. Akaushika mlango wa chuma, akatoa mkono. "Huu wa jela." Akatazama wa kioo. "Huu nitaonekana nikila. Nichagulie wewe, baba. Nataka mlango wenye moyo."

Kwa fundi, moyo ni kile kiini cha mti, chekundu, kisichotafunwa na mchwa. Yeye hakuwa na habari hiyo. Alisema tu. Usiku ule Patasi hakupata usingizi. Kesho yake alichukua mninga, moyo peke yake, unene wa inchi mbili, akaupiga randa mpaka mikono ikatoka malengelenge. Kwa hiyo alipomjibu Bawaba hakusema uongo. Ulikuwa mninga mtupu.

Hesabu yake ilikuwa hii: Jumanne shangazi yuko kliniki ya presha. Watapiga, mlango utakataa, wataogopa kelele, watakimbia. Basi.

Saa 6:40 mchana.

Pikapu ya buluu. Ovaroli za mafundi. Bawaba alirudi hatua mbili, akatia teke. Mlango haukutikisika. La pili. La tatu likamrudi kwenye kifundo cha mguu, akauma meno.

Akamgeukia Patasi. Halafu, polepole: "Mtupu, eh?"

Kisu kilikuwa tayari kwenye mbavu za Patasi.

Ndani sauti ikauliza, "Nani huyo?"

Patasi aliijua sauti. Shangazi hakwenda kliniki.

"Mwite," Bawaba alinong'ona. "Mlango umekataa mguu. Hautakataa jamaa."

Angepiga ukelele, *Usifungue!* Neno moja tu, kisu kiingie na mambo yaishe. Hakupiga. Alichagua ujanja, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa ujanja. Mtoto wa nyumba habishi hodi kwao. Yeye tangu utotoni aliingia akiimba, akiuliza chakula kiko wapi. Akisema hodi, shangazi atashtuka. Atajua kuna jambo.

"Hodi," alisema Patasi. "Hodi hapa."

Hatua zikasogea ndani. Kisha kicheko.

"Kumbe wewe! Ndio unaupima mlango wako kwa mateke? Na hodi tangu lini, wewe? Mlango mpya umekutia adabu!"

Komeo likatoka. Mlango ukafunguka kwa ulaini, kazi safi, bila hata kulia. Bawaba alimpita Patasi, akamsukuma shangazi kwa bega. Shangazi alikwenda kinyumenyume, kisogo kikapiga ukingo wa ngazi.

Saa 6:52.

Kisanduku kilitoka. Bubu alipiga honi. "Twende!" Bawaba alifoka. "Utaozea jela kwa ajili ya ubao?"

Patasi hakuinuka. Alikaa kizingitini, kichwa cha shangazi mapajani. Viganja vya yule mama viling'aa mafuta. Kitambaa kilikuwa pale sakafuni, na chupa.

"Nimeupaka mlango mafuta," alisema shangazi. "Kama ulivyoniambia. Kliniki nitakwenda kesho."

"Usiseme, shangazi. Usiseme."

"Wale wenzako... wamekula?"

Patasi alipiga kelele. "Jamani, majirani! Gari! Mtu anakufa!" Milango minne inatazamana na ule. Yote aliitengeneza yeye. Alijua unene wa kila mmoja, alijua kila mmoja unavyopitisha sauti. Maboksi hayazuii hata kikohozi. Mlisikia kila neno.

Saa 7:25 mikono yenye mafuta ililegea. Hakuna bawaba ya mlango iliyolia mtaani.

Patasi amefungwa, na ni haki yake, mwenyewe hakatai; ndiye aliyenisimulia haya. Alimtaja Bawaba mahakamani. Wakamuuliza, nani mwingine aliona? Hakuna aliyeona. Bawaba amefungua duka la milango barabara ya pili, anawapa wateja soda, na wewe unamwamkia.

Namba za ile pikapu unazo kichwani, usinidanganye. Uso wa Bawaba unao pia. Vaa viatu. Acha hicho chakula. Kituo cha polisi ni dakika kumi kwa miguu. Na huo mlango wako ni mwepesi, mtoto anausukuma kwa kidole. Fungua, utoke, ukaseme.