Sumaku Iliyotiwa Motoni

Kila Jumatano, masomo yakiisha, wanafunzi wa darasa la sita pale Kibuta walikwenda ghalani kuwasaidia akina mama kazi za kijiji cha ujamaa. Juma lile walishona magodoro ya sufi kwa ajili ya watoto wachanga wa zahanati mpya. Mwanahalima alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Mwenzake mmoja aliposhona suruali yake mwenyewe pamoja na godoro, Mwanahalima aliichomeka sindano kwenye sufi ili amcheke vizuri. Alipoitafuta, hakuiona.

"Sindano zote zimerudi?" aliuliza Bi Kristina, kiongozi wa akina mama.

"Zimerudi, mama."

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiri. Magodoro yakashonwa midomo na kupangwa ukutani, yote yakifanana. Kesho yake yangepelekwa zahanati, na dada yake, Mwanajuma, alikuwa karibu kujifungua. Mwanahalima aliwaza mtoto wa dada yake akilazwa juu ya ile sindano.

Akakumbuka sumaku ya shule. Darasani waliiona ikinasa msumari na wembe, lakini sufuria ya alumini na kifungo cha shaba haikuvijali. Kwa kuwa yeye ndiye mtunza sanduku la sayansi, aliichukua bila ruhusa, akaipitisha juu ya magodoro yote. Haikunasa kitu, maana sindano ilikuwa ndani mno.

"Imechoka," alijiambia.

Nyumbani, betri za redio zikichoka, baba yake, Mzee Salumu, alizianika juani, na redio ikasema tena. Alipofika nayo nyumbani jua lilikuwa linazama, lakini jikoni palikuwa na makaa. Kama jua linatia nguvu, moto je? Aliifukia sumaku makaani mpaka ikaiva nyekundu, akaitoa kwa koleo na kuiacha ipoe. Kisha akaigusisha msumari. Msumari haukutikisika. Akajaribu wembe, nao vilevile.

Mwanahalima alikaa chini akalia. Sindano imepotea, sumaku imekufa, na hakujua la kufanya.

"Kulikoni, mwanangu?" aliuliza Mzee Salumu.

"Moshi, baba."

"Moshi gani, na moto umeshazimika?"

Hapo akasema yote. Baba yake hakumgombeza. Alimshika mkono, wakaenda kwa Mwalimu Leodegar, aliyewafundisha sayansi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Mwalimu alisikiliza habari yote, akaigeuzageuza sumaku, akatikisa kichwa. "Betri ni jambo jingine. Chuma cha sumaku kikiiva motoni, nguvu yake hupotea."

"Tafadhali irudishie nguvu, mwalimu!"

"Sina cha kuirudishia. Shule nzima ilikuwa na hii moja."

Mwalimu akaiweka sumaku kando. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi, "Mzee Salumu, kwenye spika ya redio mna sumaku."

Mzee Salumu aliipenda redio yake kuliko baiskeli. "Basi nitaifungua," akasema.

Asubuhi, Mzee Salumu alipowaeleza habari ya sindano, akina mama waliyafumua magodoro, huku wakinung'unika, wakaitandaza sufi kwenye mikeka, tabaka jembamba. Mzee Salumu akapitisha spika polepole. Godoro moja likaisha, jingine likaisha, na Mwanahalima alisimama tu, hana msaada wowote. Jua lilikuwa utosini spika ilipolia "ti!" Sindano ilikuwa imeganda kwenye chuma chake. Spika yenyewe ilikuwa imejaa sufi, na redio haikusema tena.

Mwanahalima alipiga magoti. "Nisameheni. Nilidanganya."

"Tumekusamehe," alisema Bi Kristina, "lakini sikia. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungesema jana, tungefumua godoro moja tu, lile ulilokuwa ukilishona. Umenyamaza, tumefumua yote. Ungenyamaza mpaka kesho, sindano hii tungeitoa mgongoni mwa mtoto."

Akampa sindano ileile. Mwanahalima akaipokea kwa mikono miwili, akaanza kushona.