Kulungu Waliomchunguza Kaisa

Kila siku basi la shule lilipomshusha binti yangu Kaisa, aliingia, akatupa mkoba kitini, akachukua kipande cha mkate wa iliki mezani na kuuliza, "Mama, kuna kazi?" Kazi zilikuwepo tele: kuku, kuni, vyombo. Lakini kabla sijamaliza kuzitaja, alishafika mlangoni na viatu vyake vya mpira mkononi.

"Wapi tena?"

"Kuangalia kamera. Sichelewi!"

Kamera yenyewe ilikuwa kisanduku kidogo chenye rangi ya magome, kimefungwa kwa mkanda kwenye mti, nyuma ya shamba letu la nyasi, pale kinamasi cha mierezi kinapoanzia. Mnyama akipita mbele yake inapiga picha yenyewe, mchana na usiku. Wifi yangu Lempi ndiye aliyeifunga pale mwishoni mwa kiangazi, ili tujue kulungu wanapita saa ngapi kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa Novemba.

Mwaka huo haukuwa wa mchezo. Mume wangu Arvo aliangukiwa na gogo msituni akavunjika mguu, na daktari alisema atatembelea magongo mpaka theluji iyeyuke. Nasi nyama yetu ya majira ya baridi hatuitafuti dukani. Ni kulungu aliyekatwakatwa na kuwekwa kwenye friza. Arvo asipowinda, friza inabaki na barafu tupu. Kaisa alikuwa amefikia umri wa kuruhusiwa kuwinda akiwa na mtu mzima kando yake.

"Baba, wewe kaa tu," alisema. "Mwaka huu nyama naleta mimi."

"Sawa, bosi," Arvo akacheka. "Ila umsikilize shangazi yako."

Shangazi Lempi alikuwa amesema waziwazi: "Kwenye kamera huendi mpaka zipite wiki mbili tatu, tena siku ya mvua, tena na mimi." Kaisa akaitikia, "Ndiyo, shangazi." Masikio yalisikia, lakini miguu haikusikia.

Tatizo lilianzia kwenye bahati. Mara ya kwanza alipokwenda peke yake na kuichomeka ile kadi ya picha kwenye kompyuta, tulimwona dume mkubwa mwenye pembe pana, amesimama kwenye jua la saa kumi kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya harusi. Kaisa alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Tangu siku hiyo hakukosa hata jioni moja. Nami niliona ni bidii, ila roho yangu haikutulia.

"Mwanangu, siku hizi giza linaingia mapema. Ukiteleza kule kinamasini, nani atakusikia?"

"Mama nawe! Una hofu kama kuku."

"Kuku mwenye hofu haliwi na mwewe," nilimjibu. Lakini alishaondoka.

Basi picha zikaanza kubadilika. Kwanza kulungu walionekana usiku tu. Kisha wakaonekana wachache. Mwishowe kamera ikaleta majani yanayotikiswa na upepo. Kaisa hakukata tamaa, alizidisha safari. Wade, mtoto wa jirani, akapata la kusema ndani ya basi: "Kaisa, nasikia mwaka huu mtakula majani! Njoo kwetu, tutakugawia kwato."

Siku hiyo hata mkate hakuugusa. Alikwenda moja kwa moja kinamasini, na giza likaingia hajarudi. Nilisimama mlangoni na taa nikiita mpaka sauti ikakauka. Aliporudi alikuwa amelowa hadi mapajani, meno yanagongana. Nilimkalisha karibu na jiko, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, na usiku kucha alikohoa. Je, kulungu gani ana thamani ya kifua cha mtoto?

Jumamosi Lempi alikuja kuoga kwenye sauna yetu, kile chumba cha mvuke, kama kawaida yake. Alipotoka, uso mwekundu na taulo kichwani, nilimwambia, "Wifi, tazama hizi picha kabla mtoto hajaniua kwa presha."

Akaketi mbele ya kompyuta, Kaisa kando yake.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Na huyu?"

"Mimi."

"Na huyu ambaye mdomo wake umejaa mkate?"

"Mimi, shangazi," Kaisa alisema kwa sauti ndogo. Arvo alicheka mpaka akaushika mguu wake kwa maumivu.

Lempi hakucheka. Alisimamisha picha moja. Kulungu jike alikuwa ameinamisha pua chini, palepale kiatu cha Kaisa kilipokuwa kimekanyaga. Katika picha iliyofuata kulungu alikuwa anakimbia, mkia mweupe juu.

"Umeona? Hapo anasoma habari zako," Lempi alisema. "Kulungu anajua mambo kwa pua. Jasho lako, sabuni ya mama yako, iliki, vyote unaviacha pale. Kesho havijaisha, unaongeza vingine. Ulidhani wewe unawachunguza? Wao ndio wamekuchunguza. Wanajua hata basi la shule linafika saa ngapi."

"Wamehama?"

"Wamejificha ndani zaidi. Wanatoka ukishalala."

"Basi niiingize kamera huko ndani."

"Ndiyo, uwafukuze mpaka jimbo la jirani la Wisconsin!"

Kaisa alifuta machozi kwa mkono wa sweta. "Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Usikanyage kule."

"Hiyo si kazi, shangazi."

"Ijaribu, kisha uniambie kama si kazi."

Ikawa kazi kweli. Kila jioni nilimwona akipasua kuni kwa hasira mpaka rundo likapita dirisha. Siku moja Wade alimwambia ameona dume akivuka barabara kutoka kwetu. Kaisa aliposhuka kwenye basi alipita mbio bila kuingia ndani, akafika kwenye geti la shamba, akashika komeo. Nilikuwa dirishani, mikono kwenye maji ya vyombo. Nilitaka kumwita, nikajizuia. Alisimama pale muda mrefu, kifua kikipanda na kushuka. Kisha akaliachia komeo, akarudi na kuchukua shoka lake.

Mvua kubwa ilinyesha mwishoni mwa Oktoba. Lempi akaja na trekta. "Panda. Kulungu wamelisikia hili tangu wazaliwe, hawalijali. Lakini mguu wako usiguse ardhi." Walisogea hadi kwenye mti. Kaisa akainama kutoka juu ya trekta, amevaa glavu za mpira, akabadilisha kadi, wakaondoka. Mvua ikaosha walichoacha.

Picha zile ziliwaonyesha majike na dume mmoja kijana, mchana kweupe, wanakula bila wasiwasi. Yule dume mkubwa hakuonekana tena. Kaisa alizipitia picha zote, kisha akafunga kompyuta. "Inatosha," alisema. "Sirudi kule mpaka siku yenyewe."

Siku ya ufunguzi shule zilifungwa, kama ilivyo desturi yetu. Alfajiri wakatoka wawili, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa ili wawindaji wengine wawaone, Kaisa hatua moja kutoka kwa shangazi yake. Kahawa yangu ilipoa sijainywa. Jua lilipochomoza nikasikia mlio mmoja wa bunduki, halafu kimya. Baada ya muda nikawaona wakiburuta sleji, ubao wa kuteleza, kwenye theluji, wote wawili kwa miguu yao, na juu yake yule dume kijana.

Arvo aliwapokea mlangoni akiwa kwenye magongo. Kaisa alimtazama Lempi. "Shangazi, ilikuwa kazi. Ngumu kuliko kupasua kuni."

"Najua," Lempi alimjibu, akimshika bega. "Bidii yako ni ileile ya mwanzo, mwanangu. Kwanza uliiweka yote miguuni, ikawafukuza kulungu na ikakuletea kikohozi. Ulipojifunza kujizuia, ndipo ikaleta nyama. Ukikitaka kitu sana, usikisumbue kila saa ili ujue kama bado kipo. Kitaondoka kwa sababu yako."

Kaisa akaitikia, "Ndiyo, shangazi," na safari hii hata miguu ilikuwa imesikia.