Begi Gumu Lililorudishwa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mkanda wa mashine ya kukagua mizigo ulisimama, ukarudi nyuma kidogo, ukasimama tena. Koplo aliyekuwa mbele ya skrini akaacha kutafuna. Kwenye picha ya begi la kitambaa la rangi ya kijivu, viatu vilikuwa viatu na vitabu vilikuwa vitabu, lakini kuta mbili za pembeni zilikuwa nene kupita kiasi, na unene wenyewe ulikuwa umepangwa vipande vipande kama tofali.

"Begi la nani hili?"

"Langu, kaka," akajibu binti mmoja kwa tabasamu, pasipoti mkononi.

Baada ya robo saa hapakuwa na mtu anayetabasamu. Koplo alipasua bitana ya upande wa kushoto, vikatoka vifurushi sita bapa vilivyofungwa kwa plastiki. Akatoboa kimoja, akadondoshea unga wake tone la dawa ya kupimia, na tone likageuka zambarau. Zilikuwa dawa za kulevya, na upande wa kulia ulikuwa bado haujaguswa.

Binti akakaa sakafuni. Hakuzimia, hakulia. Alikaa tu pale kwenye vigae, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, akawa anarudia neno moja: "Sivyo. Sivyo. Sivyo."

Alikuwa muuguzi. Jumatatu alitakiwa kuanza kazi katika hospitali ya nchi ya mbali, na hii ndiyo ingekuwa safari yake ya kwanza ya ndege. Ndege ingeondoka saa tano kamili. Kwa uzito ule wa vifurushi sheria haikuwa na mzaha: miaka ishirini jela kama angehukumiwa hapa, na kule alikokuwa anakwenda, pengine kitanzi.

Kesi ilikabidhiwa Inspekta wa kituo cha polisi cha uwanja wa ndege, mama wa miaka hamsini na ushei, ambaye vijana wake walimwita Bi Taratibu akiwa hayupo. Jina lenyewe alilijua, na halikumsumbua.

"Nani alipanga begi?" akamuuliza binti, ofisini.

"Mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu. Jana mchana, kitandani kwangu."

"Lina kufuli ya namba. Nani anaijua namba?"

"Mimi tu, afande."

Koplo, aliyesimama mlangoni, akamtupia Inspekta jicho la mtu anayesema kazi imekwisha, tukanywe chai.

"Unajua kwamba unajichongea?" Inspekta akauliza.

"Umeniuliza, nimekujibu. Nidanganye?"

Inspekta alivuta taa ya mezani, akainamia bitana ya upande wa kulia, ule ambao Koplo hakuwa ameufikia kwa kisu chake cha pupa. Alikaa hapo dakika nne nzima. Halafu akamwita.

"Hebu tazama. Mshono wa kiwandani umefumuliwa, halafu umerudishiwa kwa mkono. Na hapa, ndani ya kona, mkono haufiki nyuma. Aliyeshona alitumia sindano iliyopinda."

"Kama zile za kushonea vidonda," akasema Koplo, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo haikupendeza. "Za wauguzi."

Binti akafumba macho. "Ndiyo. Ni zile zile."

Hapo, niseme kweli, hata mimi ningemfunga. Lakini Inspekta aliagiza sindano na uzi kutoka chumba cha huduma ya kwanza, akampa binti taulo iliyochanika.

"Shona."

Mikono ilikuwa inatetemeka, lakini ilipoishika sindano ikatulia. Alipiga mishono mitano, na kila mmoja akaufunga fundo lake, akaukata, akaanza mwingine.

"Kwa nini unakata kila mmoja?"

"Ili mmoja ukifumuka, mingine ishike. Ndivyo tulivyofundishwa. Mkono umeshazoea, sijui kushona vingine."

Inspekta akarudi kwenye bitana. Pale palikuwa na uzi mmoja tu, mrefu, umetambaa kutoka kona hadi kona, umefichwa kiasi kwamba kitambaa kilionekana kujishika chenyewe.

"Anaweza kujifanya, afande," Koplo akasema.

"Anaweza. Ndiyo maana bado yuko kwenye kile kiti."

Watu wawili walikuwa wamemsindikiza binti. Mmoja alikuwa mchumba wake, muuzaji wa duka la dawa. Wa pili alikuwa baba yake mdogo, fundi makochi, aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Wote wawili walikuwa wanangoja ukumbini, na saa tatu kasoro dakika tano Inspekta akaanza na mchumba.

Kijana aliingia akiwa amelowa jasho kama aliyetoka kubeba magunia.

"Binti anasema alikuachia begi akaenda kuulizia foleni. Muda gani?"

"Dakika mbili, afande. Tatu."

"Kamera inasema ishirini."

Kijana akafuta jasho shingoni.

"Na inakuonyesha umelisukuma begi nyuma ya nguzo, mahali ambapo kamera haifiki. Ulikuwa unafanya nini nyuma ya nguzo?"

"Nilikuwa… nilikuwa nimechoka kusimama."

"Unauza dawa, umejificha na begi, na begi lina dawa za kulevya. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Kijana akajifunika uso kwa viganja. "Mfuko wa nje," akasema. "Angalia mfuko wa nje, ule mdogo. Nimeweka barua."

Koplo akaenda, akarudi na bahasha. Ilikuwa kurasa tatu za kumsihi mpenzi asije akampata daktari huko akamsahau, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na doa la chozi au la soda. Koplo alianza kuisoma kwa sauti, Inspekta akamnyang'anya.

"Ulishindwa kusema?"

"Ningesemaje mbele ya baba yake mdogo, afande? Nina aibu zangu."

Mfuko wa nje hauna njia ya kufika kwenye bitana. Na kumfumulia mtu ukuta wa begi lililojaa nguo na kumshonea upya, huwezi kwa dakika ishirini, uwe fundi kiasi gani. Inspekta akamruhusu akae ukumbini, akasimama dirishani.

"Tumekuwa wajinga, Koplo," akasema. "Asubuhi yote tunaulizana nani alilifungua begi. Vifurushi vile viliingia kabla halijafungwa, kabla hata nguo moja haijawekwa. Suala ni nani alikaa nalo likiwa tupu."

Akamrudia binti. Ilikuwa saa tatu na nusu.

"Hili begi ulilichagua mwenyewe?"

"Hapana, afande. Mimi nilinunua gumu, lile la ganda la plastiki, jekundu. Nilisema wapakiaji watalitupa, mvua italinyeshea, na vitabu vyangu vya uuguzi vimo ndani. Baba mdogo hakulipenda. Alisema begi gumu ni zito, linakula kilo kabla hujaweka kitu, halina mifuko ya nje, na likigongwa linapasuka wakati la kitambaa linabonyea na kurudi. Tulibishana mpaka tukacheka."

"Kisha?"

"Kesho yake akaniambia amelikuta na ufa pembeni, akalirudisha dukani. Akanibadilishia hili. Alikuja nalo nyumbani baada ya siku mbili."

"Siku mbili lilikuwa wapi?"

"Karakana kwake. Alisema anakaza magurudumu."

Binti alijibu vile bila kusita, na kwa hakika hakuwa ameona bado. Inspekta aliona, na alitamani asingeona, maana naye alikuwa amelelewa na baba mdogo. Akatoka, akapiga simu kwenye duka la mabegi. Muuzaji alikumbuka vizuri.

"Jekundu? Halikuwa na ufa hata kidogo, mama, nimeshaliuza tena. Mzee alisema binti amebadili mawazo. Halafu akanichosha. Kila begi la kitambaa alilifungua, akawa anapapasa kuta za ndani kama anapima godoro. Nikamwambia, mzee, wenzako wanaangalia magurudumu. Akacheka."

Inspekta akakata simu. Kwenye begi gumu hapakuwa na cha kushona. Ukuta wake ni ganda tupu, na bitana imelalia juu yake kama ngozi. La kitambaa lina nafasi kati ya bitana na ukuta, sponji ndani yake, na fremu ya kushikilia. Kwa mtu anayeshona viti, lilikuwa kiti kidogo chenye magurudumu.

Saa nne kasoro dakika kumi, baba mdogo aliingia. Mtu mpole, mvi chache, kalamu ya risasi nyuma ya sikio ambayo pengine alikuwa ameisahau tangu jana.

"Mwanangu yuko wapi, afande? Amekula?"

"Yupo, mzee. Karibu ukae. Samahani kwa kiti, kimechanika, nimechoka kukililia."

Akakitazama kiti kabla hajakikalia, kama daktari anavyomtazama mtu anayechechemea.

"Hiki hakihitaji kitambaa kipya," akasema.

"Kweli? Mafundi wawili wameniambia nikitupe."

"Waongo hao." Akapiga goti, akapitisha kidole kwenye mpasuko. "Unachukua sindano iliyopinda. Uzi unaupaka nta. Unaanza na fundo la kuteleza, ulikaze kwa ndani lisionekane. Unakula upande huu, unakula upande ule, ukivuta, pande zinafumba zenyewe. Mwisho hufungi fundo, fundo linavimba. Unaurudisha uzi ndani kwa urefu wa vidole viwili, unaukata. Hata mwenye kiti hatajua palichanika."

"Wangapi wanaoshona hivyo hapa mjini?"

"Aliyenifundisha amekufa," akasema, na alikuwa bado amepiga goti alipoinua macho. Inspekta alikuwa ameweka bitana juu ya meza. Uzi ulikuwa na nta. Mwanzoni lilikuwepo fundo la kuteleza, na mwishoni uzi ulikuwa umerudishwa ndani kwa urefu wa vidole viwili.

Baba mdogo alinyoosha mkono kuelekea bitana, kisha akaurudisha.

"Begi gumu halikuwa na ufa," Inspekta akasema. "Dukani ulisema hivi, nyumbani ukasema vile. Koplo, mlete binti."

"Usimlete, afande. Nakuomba. Nitasema yote, usimlete."

Lakini binti alikuwa mlangoni tayari. Alimtazama baba yake mdogo, akaitazama bitana, kisha akamtazama tena.

"Baba, waambie sivyo."

"Walitaka wakupe begi lao," akasema mzee, akiongea na sakafu. "Walisema muuguzi hapekuliwi. Sikutaka ubebe mshono wa mtu mwingine. Nikasema kama hamna budi, nitashona mwenyewe. Nilishona vizuri kuliko yote, mwanangu. Ungepita. Mtu wao angekupokea, angekupa begi jipya la zawadi achukue hili, usingejua mpaka kufa kwako."

"Akina nani hao? Kwa nini hukuwakatalia tu?"

"Karakana ilipokufa, watu wakinunua makochi ya kutoka nje, unadhani nani aliiinua? Ada ya chuo chako unadhani ilitoka kwenye makochi?" Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Nilikuwa mtu wao tangu siku ile. Mtu haachi. Wangekuja nyumbani."

Binti akarudi nyuma hatua moja mpaka akagonga ukuta. Nilivyoambiwa, hicho ndicho kilichomvunja: kila kitabu alichosoma, kila sare nyeupe aliyopiga pasi, vilikuwa vimelipiwa na kitu kile kile kilichokuwa mezani.

Halafu akauliza, polepole: "Umesema vizuri kuliko yote. Yote mangapi?"

Mzee akatazama dirishani.

"Baba. Mangapi?"

"Manne kabla yako."

"Ya nani?"

"Moja la rafiki yako, yule wa jirani. Naye hakujua kitu." Rafiki huyo, aliyekaa na binti dawati moja shuleni, alikuwa na mwaka wa tatu katika gereza la ugenini. Alikamatwa akiwa na begi la kitambaa ambalo fundi makochi wa mtaani alikuwa amemtengenezea gurudumu, bure, kwa wema. Mtaa mzima ulimsema. Mama yake aliacha kwenda sokoni mchana. Na jioni alizokuwa akilia, aliyekwenda kukaa naye kumfariji alikuwa ni huyu.

"Ulikuwa unakwenda kwake," binti akasema. "Ulikuwa unanituma nikampelekee chakula."

Mzee aliinamisha kichwa mpaka kalamu ikaanguka kutoka sikioni. Koplo, ambaye asubuhi ile alikuwa na haraka kuliko wote, alimfunga pingu taratibu, macho pembeni.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano. Inspekta akamrudishia binti pasipoti.

"Uko huru. Mlango wa ndege unafungwa baada ya dakika kumi na tano, Koplo atakukimbiza. Nguo zako tutakutafutia cha kuzitilia."

"Na rafiki yangu?"

Inspekta hakutaka kumdanganya. "Yanahitajika maelezo ya kiapo ya aliyesikia mzee akikiri. Leo, kabla wakili wake hajafika akamwambia akane. Yangu ni ya polisi, kule watayatilia shaka. Yako yana uzito mwingine."

"Yanachukua muda gani?"

"Saa moja. Pengine mbili."

Binti aliitazama pasipoti, akaiweka mezani. Akavuta kile kiti kilichochanika, akakaa, akaomba kalamu.

Saa tano na dakika mbili ndege iliruka, na madirisha ya ofisi yakatetemeka. Hakuinua kichwa. Alipomaliza kuandika, akaweka sahihi kila ukurasa, akaomba simu.

"Mama, shikamoo. Ni mimi, wa nyumba ya pili. Hapana, sijapanda. Mama, naomba ukae chini kwanza." Akavuta pumzi. "Hakujua. Binti yako hakujua kilichokuwemo. Nimesikia kwa masikio yangu, na nimeandika."

Binti akangoja, simu sikioni, mpaka yule mama alipoanza kulia, naye akalia pamoja naye.